UZI: Oscar kwenye runinga, muda unaliwa wapi hasa, na kwa nini wanaokatwa ni mafundi?

Jicho la Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Oscar ikipita malalamiko ni yaleyale: sherehe ndefu, washindi wanaongea mno, wapunguziwe muda. Naomba safari hii tulipime jambo hili kwa saa, maana naona lawama inawaangukia watu wasiohusika kabisa.

Tuzo za 97, zile za Machi 2, 2025, zilikuwa na vipengele 23. Mshindi hupewa sekunde 45 za kushukuru. Zidisha: sekunde 1,035, yaani dakika 17 na sekunde 15 kwa shukrani zote za usiku mzima. Sherehe yenyewe ilizidi saa tatu na nusu. Hata ukimwachia kila mshindi dakika moja na nusu, jumla ni dakika 34 na nusu, haijafika moja ya tano ya sherehe. Dakika nyingine zaidi ya 170 zimekwenda wapi?

Matangazo ya biashara yana fungu lake kubwa na hilo halina mjadala, ndiyo yanayolipia shughuli. Baada ya hapo angalia watoa tuzo wanaopanda wawili wawili na vichekesho walivyoandikiwa. Dakika moja ya maneno kabla ya kutaja wateule, mara 23, imeshazidi muda wa shukrani zote. Halafu kuna mwendo wa kutoka kitini hadi jukwaani. Ukumbi wa Dolby una viti takriban 3,400, na waigizaji wakubwa hupangwa mbele kwa sababu kamera zinawataka. Mtu wa sauti au wa filamu fupi anakaa nyuma. Akitumia sekunde 40 kufika kwenye maikrofoni, na tufanye huo ndio wastani wa wote, tayari ni dakika 15 na sekunde 20 za watu kutembea. Yaani kutembea tu kunakaribia kulingana na kushukuru.

Kilichoniuma zaidi mwaka huo ni tumbuizo. Walitenga muda mrefu kwa ajili ya kumuenzi James Bond, wacheza ngoma na waimbaji watatu, wakati hakukuwa na filamu mpya ya Bond iliyokuwa inashindania chochote. Usiku huohuo nyimbo tano zilizoteuliwa hazikuimbwa jukwaani. Kipengele kipo, wateule wapo ukumbini, kazi yao haisikiki. Huo ni uamuzi wa watayarishaji, haukulazimishwa na saa.

Walichopatia nacho nikiseme: kwa mavazi na upigaji picha walileta waigizaji watano, kila mmoja akazungumza moja kwa moja na fundi aliyefanya naye kazi, akieleza kitu gani hasa fundi huyo alikifanya. Paul Tazewell alishinda mavazi kwa Wicked, mwanamume Mweusi wa kwanza kushinda kipengele hicho, na mtazamaji alikuwa ameshaelezwa kazi yake kabla jina halijasomwa. Mfumo kama huu waliutumia kwa vipengele vya uigizaji 2009 na 2024. Kuuhamishia kwa mafundi ndiyo hatua nzuri kuliko zote nilizoziona kwenye sherehe hii kwa miaka mingi.

Karibuni tujadili. Wenye ujuzi wa uhariri, sauti na utangazaji, nawangoja ninyi hasa.

---

Bi Mkasi

Mleta uzi, hesabu yako inathibitishwa na mwaka 2022. Waliamua vipengele vinane vitolewe ukumbini kabla ya matangazo kuanza, kisha vikatwekatwe na kupachikwa ndani ya sherehe: uhariri, sauti, muziki wa filamu, usanifu wa mandhari, vipodozi na nywele, na zile filamu fupi tatu za hali halisi, za katuni na za kuigiza. Sababu iliyotolewa ni kuokoa muda. Sherehe bado ilizidi saa tatu na nusu.

Tazama walioumia. Dune ilipata tuzo 6 usiku ule, na 4 kati yake (sauti, muziki, uhariri, mandhari) zilitolewa kabla ya kurushwa mubashara. Filamu iliyoshinda nyingi kuliko zote ikaonekana kwa vipande.

Kwa jicho la mhariri, tatizo la kupachika ni hili. Ukirekodi shukrani za dakika moja na nusu ukazibana ziwe sekunde 40, lazima ukate katikati ya sentensi na kufunika mshono kwa picha ya watazamaji wanaopiga makofi. Watazamaji hao ni wa dakika nyingine. Sauti ya ukumbi ya kipande hicho haifanani na ya ukumbi uliojaa, kwa sababu watu wengi walikuwa bado wako kwenye zulia jekundu. Mtu wa kawaida atahisi kitu kimepungua hata kama hawezi kukitaja. 2023 wakarudisha vipengele vyote kwenye matangazo ya moja kwa moja, na sherehe haikuharibika.

Naongeza lingine linalohusu fani yangu. Wakitaja wateule wa uhariri huonyesha kipande cha sekunde chache chenye mbio za magari au mapigano. Hicho kinaonyesha fujo, hakionyeshi uhariri. Uhariri unaonekana ukiweka picha mbili: upande mmoja mkupuo mzima kama ulivyopigwa, upande wa pili ulivyokuja kukatwa. Sekunde 12 zinatosha. Sauti vivyo hivyo: sekunde 6 za sauti ghafi iliyorekodiwa eneo la kupigia picha, upepo na jenereta vikisikika, kisha sekunde 6 za eneo hilohilo baada ya kuchanganywa. Mtazamaji wa Kigoma au wa Mombasa ataelewa papo hapo watu hawa wanalipwa kwa kazi gani.

---

Mzee wa Ratiba

Natofautiana nanyi kidogo, kwa heshima. Runinga si ukumbi. Mwaka 1998, mwaka wa Titanic, Wamarekani zaidi ya milioni 57 waliitazama sherehe hii. 2021 walishuka hadi milioni 10.4. 2025 walikuwa takriban milioni 19.7. Kituo kinachorusha kinalipia haki za matangazo kwa kutegemea watazamaji hao, na kila mtu anayezima runinga saa nne usiku kwa sababu kesho ni Jumatatu ya kazi anapunguza bei ya tangazo. Ndiyo maana tangu 2024 wakasogeza mwanzo hadi saa moja jioni kwa saa za New York, badala ya saa mbili.

Halafu ukilegeza sekunde 45 unapata Adrien Brody. 2025 aliongea dakika 5 na sekunde 40, akavunja rekodi ya Greer Garson iliyodumu tangu 1943. Muziki ulipoanza kumwondoa, aliomba uzimwe, na ukazimwa. Mafundi wa filamu fupi usiku uleule hawakupata nafasi hiyo.

---

Jicho la Usiku

Mzee wangu, hapo mwisho umenisaidia kuliko ulivyonipinga. Kanuni ni moja kwa wote, lakini inamshika asiyejulikana na inamwachia nyota. Dakika 5 na sekunde 40 za mtu mmoja ni sawa na nafasi saba za sekunde 45 na baki. Mimi sisemi muda usiwepo. Nasema uwe mmoja kwa wote, na kinachopunguzwa kwanza kiwe kile ambacho si tuzo.

Kuhusu idadi ya watazamaji, mwaka wa Titanic watu walikuja kwa sababu filamu waliyoiona kwa macho yao ilikuwa inashindana. Hakuna aliyevutwa na ufupi wa hotuba.

---

Fundi Sauti

Ngoja nieleze muziki wa kumwondoa mshindi unavyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani kiongozi wa okestra ndiye mkatili.

Mshindi akianza kuongea, saa inahesabu kurudi nyuma kwenye skrini ya maandishi iliyo mbele ya jukwaa, ambayo yeye anaiona na sisi hatuioni. Muda ukiisha, maandishi yanamtaka amalizie. Muongozaji wa matangazo anatoa amri kutoka chumba cha udhibiti, na kiongozi wa okestra anaipokea kwenye kisikizi cha sikioni. Muziki unaanza chini, unapanda taratibu. Asiposhuka, fundi mchanganyaji anapunguza maikrofoni na muongozaji anahamia picha pana ya ukumbi. Kwa hiyo ni watu watatu na amri moja, na mwenye amri ni muongozaji.

Kinachoharibu ni pale wanapochagua muziki wenye maana yake. 2013 okestra haikuwa hata ukumbini, ilipiga ikiwa jengo la Capitol Records, karibu maili moja kutoka hapo, sauti ikaletwa kwa waya. Walitumia muziki wa papa wa Jaws kuwaondoa washindi. Bill Westenhofer alikuwa jukwaani kupokea tuzo ya athari za kuona kwa Life of Pi, akaanza kuzungumzia hali ya kampuni ya Rhythm & Hues iliyotengeneza picha hizo na ambayo ilikuwa imeingia kwenye mufilisi. Muziki wa papa ukapanda, maikrofoni ikashuka. Mamia ya watu waliopoteza kazi walikuwa wanasubiri sentensi ile. Waliopanga wangeweka hata noti mbili za kinanda, isingeonekana dharau.

Okestra ikiwa mbali, kiongozi wake hamwoni mshindi ana kwa ana, anamwona kwenye skrini. Hajui kama mtu anavuta pumzi ili amalize au ili aanze aya nyingine. Ndiyo maana ninapendelea okestra iwe chumba kilekile.

---

Swali Fupi

Wakuu, kwa nini wasiwape tuzo palepale walipokaa, waokoe kutembea?

---

Fundi Sauti

Walijaribu 2005. Baadhi ya vipengele vidogo vilitolewa kwenye njia katikati ya viti, na vingine wateule wote walipandishwa jukwaani kwanza, wakasimama wamejipanga mstari hadi jina lisomwe. Watu wa fani walichukia, na kwa haki. Mshindi wa njiani anaongea akiwapa mgongo nusu ya ukumbi. Na wale wanne walioshindwa wanashuka jukwaani mbele ya dunia nzima.

Dawa ni rahisi: sogeza viti. Kipengele kinapokaribia, wateule wake wanahamishiwa safu za mbele pembeni wakati wa tangazo la biashara. Kuna watu maalumu wa kujaza viti vilivyo wazi ili kamera isione pengo, kwa hiyo ukumbi hauonekani mtupu. Kutoka sekunde 40 unashuka hadi 15. Kwa vipengele 18 visivyo vya uigizaji wala filamu bora, umeokoa sekunde 450, dakika saba na nusu. Hizo ni sekunde 25 za nyongeza kwa kila fundi bila kuongeza hata nukta moja kwenye sherehe.

---

Karani wa Kura

Naona uzi uko kwenye saa, lakini kuna kosa jingine la watayarishaji lililotokana na kutoelewa kura. 2021, sherehe ilipofanyikia Union Station, walibadilisha mpangilio. Filamu bora ikatangazwa kabla, wakamalizia na mwigizaji bora wa kike, kisha wa kiume. Wengi walitarajia marehemu Chadwick Boseman ashinde na usiku ufungwe kwa heshima yake. Akashinda Anthony Hopkins, miaka 83, ambaye hakuwepo. Joaquin Phoenix akapokea kwa niaba yake, sherehe ikaisha hivyohivyo bila neno la mshindi.

Wanaojua washindi kabla ya bahasha kufunguliwa ni wachache mno, wa kampuni ya PricewaterhouseCoopers, ambayo imehesabu kura hizi tangu 1935. Mtayarishaji hayumo. Kupanga sherehe kwa kubahatisha mshindi ni kujenga nyumba juu ya kiwanja usichokimiliki.

Na matokeo hubashirika vibaya zaidi kwenye filamu bora, kwa sababu kura yake ni ya aina tofauti. Vipengele vingine, mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata akipata moja ya nne tu. Filamu bora mpiga kura anazipanga kumi zote kwa kuzipenda. Tuchukue mfano wa kura 1,000, zimebaki filamu tatu: A ina 400, B ina 330, C ina 270. Hakuna iliyovuka nusu. C inatolewa, na zile karatasi zake 270 zinaangaliwa nani kawekwa nafasi inayofuata. Kama 190 zinakwenda B na 80 zinakwenda A, matokeo ni B 520, A 480. A iliongoza muda wote, B imechukua tuzo. Filamu inayopendwa sana na wachache na kuchukiwa na wengi haipiti mlango huu. Filamu ambayo wengi wameiweka ya pili au ya tatu inapita.

Uteuzi nao una hesabu yake. Kwa sehemu kubwa wanafani wanateua wanafani wenzao, wahariri kwa wahariri. Nafasi ni tano, basi gawanya kura kwa sita ujumlishe moja. Tawi likiwa na wapiga kura 600, mtu akifikisha 101 ameingia. Kwa hiyo jina linaloshangaza kwenye orodha halina ajabu. Kundi dogo lililoshikamana linatosha.

Kuanzia tuzo za 98 kuna sharti jipya: huwezi kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele kama hujatazama wateule wake wote. Awali ilikuwa ni kuaminiana tu. Na kimeongezwa kipengele cha wanaochagua waigizaji wa filamu (casting), kwa hiyo Jicho la Usiku, hesabu yako sasa ni 24 mara 45, dakika 18 kamili. Kuanzia tuzo za 100 wanaingia na wabunifu wa michezo ya hatari ya kwenye filamu (stunt).

---

Jicho la Usiku

Asante sana Karani, nimerekebisha hesabu yangu. Dakika 18 na hoja haibadiliki.

---

Bi Mkasi

Karani amegusa bahasha, nami niseme kuhusu 2017, kwa sababu nao ulikuwa ubunifu mbaya wa kazi ya mikono, ukaitwa bahati mbaya.

Bahasha za kila kipengele zipo seti mbili, seti moja kila upande wa jukwaa, ili mtoa tuzo apewe popote atakapotokea. Bahasha ya mwigizaji bora wa kike ilitumika kutoka upande mmoja, pacha wake akabaki upande wa pili bila kuwekwa kando. Huyo pacha ndiye aliyepewa Warren Beatty kwa filamu bora. Ndani imeandikwa Emma Stone, La La Land. Beatty akasita, Faye Dunaway akasoma jina la filamu. Zaidi ya dakika mbili zikapita, watayarishaji wa La La Land wakiwa katikati ya shukrani, ndipo ikatangazwa kwamba mshindi ni Moonlight.

Angalia makosa yalivyopangana. Bahasha ilikuwa nyekundu yenye maandishi ya dhahabu, kwenye taa za jukwaa hayasomeki vizuri. Kwenye kadi, jina la kipengele lilikuwa dogo, chini kabisa. Jina la mshindi lilikuwa kubwa, kwa hiyo jicho linakwenda pale. Na waliopewa jukumu la kusahihisha hawakuchukua hatua haraka.

Marekebisho yao yanafaa kuigwa na kila anayeandaa tuzo zinazorushwa mubashara, ziwe Kalasha kule Nairobi au ZIFF pale Unguja. Mtoa tuzo na meneja wa jukwaa wote wawili wanathibitisha bahasha kabla ya kupanda. Wahesabu kura hawaruhusiwi simu nyuma ya jukwaa. Mhesabu wa tatu anakaa chumba cha udhibiti akiwa na seti nzima ya majibu, ili jina likisomwa vibaya aseme palepale. Mimi naongeza la nne: bahasha ikifunguliwa upande mmoja, pacha wake achanwe kabla mtoa tuzo anayefuata hajaitwa. Na kadi iandikwe kipengele juu, kwa herufi kubwa kuliko zote, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa.

---

Pwani Filamu

Ndugu zangu, mimi naangalia sherehe hii nikisubiri Kiswahili. Lupita Nyong'o alipochukua tuzo 2014 wengi wetu tuliona mlango umefunguka, lakini mlango wa mwigizaji mmoja si mlango wa filamu zetu. Kenya ilianza kutuma filamu 2012 na Nairobi Half Life, zikafuata nyingine zikiwemo Supa Modo 2018 na Nawi 2024. Tanzania ilituma Maangamizi 2001, kisha kimya, hadi Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji 2022. Hakuna iliyoingia tano bora. Watu Wote, iliyozungumza Kiswahili na Kisomali kuhusu shambulio la basi kule Mandera, iliteuliwa 2018 kama filamu fupi, lakini ilitengenezwa na wanafunzi wa Ujerumani. Nani anajua tunakwama wapi? Ni ubora au ni makaratasi?

---

Karani wa Kura

Tatizo liko pande zote mbili, ila makaratasi ndiyo yanayoondoa mtu kabla hajaonekana. Kwa filamu ya kimataifa:

Nchi moja, filamu moja, nayo inachaguliwa na kamati ya nchi iliyokubaliwa na Akademia, yaani chama kinachotoa Oscar. Pasipo kamati, hakuna wa kutuma. Kenya kazi hiyo inafanyika karibu kila mwaka. Tanzania pengo la miaka 21 linaeleza lenyewe.

Filamu izidi dakika 40, na zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe Kiingereza. Hapa filamu za mjini zinazochanganya lugha zihesabiwe mapema, mstari kwa mstari, kabla ya kukata toleo la mwisho.

Ionyeshwe sinema ya kulipia kwa siku saba mfululizo nje ya Marekani, ndani ya mwaka wao unaoanza Oktoba 1 na kuisha Septemba 30. Onyesho la tamasha halihesabiki kuwa siku saba. Na ukitangulia kuirusha kwenye runinga au kuiweka YouTube kabla ya sinema, umejitoa mwenyewe.

Kisha zinachujwa hadi 15, halafu 5.

---

Fundi Sauti

Naongeza la kiufundi. Filamu inapelekwa kama DCP, yaani faili la kidijitali la kuonyeshea sinema, na fremu (picha moja moja) zinazotakiwa ni 24 au 48 kwa sekunde. Kamera nyingi huku zimewekwa 25 kwa sababu ya mfumo wa runinga tuliorithi. Ukiipunguza kutoka 25 hadi 24, filamu ya dakika 100 inakuwa dakika 104 na sekunde 10, na sauti zote zinashuka. Mwanamke anasikika kama ana mafua, na muziki unatoka kwenye ufunguo wake. Sauti lazima irefushwe peke yake bila kushushwa, na ikaguliwe nzima, maana programu huacha mikwaruzo kwenye herufi kama s na sh. Nafuu zaidi ni kupiga picha kwa 24 tangu siku ya kwanza.

Pili, sauti ya chaneli mbili za kushoto na kulia haitoshi. Wanataka angalau tatu: kushoto, katikati, kulia. Mazungumzo yakae katikati. Filamu nyingi zetu zimechanganywa kwa ajili ya runinga na simu, zikiingia ukumbini maneno yanazama.

Tatu, tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Mistari miwili, isizidi. Mtafsiri akipachika sentensi ndefu inayobaki sekunde moja, mpiga kura hasomi, na asiposoma hakuna alichokiona.

---

Mzee wa Ratiba

Hapo nakubaliana nanyi, na nitoe mfano unaotia moyo. 2025 katuni bora ilikuwa Flow, ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia. Haina neno hata moja la mazungumzo, na ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure. Ilizishinda studio kubwa, na ikawa Oscar ya kwanza ya Latvia. Mshindi wa namna hiyo ndiye anayestahili dakika yake nzima kwenye maikrofoni. Kwa hilo nimelegeza msimamo wangu wa mwanzo.

---

Swali Fupi

Kwa sisi tulioko Afrika Mashariki, inaanza saa ngapi? Kila mwaka nasoma majibu tofauti.

---

Jicho la Usiku

Majibu yanatofautiana kwa sababu Marekani wanasogeza saa zao, sisi hatusogezi. Wao wanabadilisha Jumapili ya pili ya Machi. Sherehe ikianza saa moja jioni ya New York kabla ya badiliko, kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Ikiwa siku ya badiliko au baada yake, ni saa nane usiku. 2025 ilikuwa Machi 2, saa tisa. 2024 ilikuwa Machi 10, siku ileile ya kubadilisha saa, kwa hiyo saa nane, na waliotegesha kengele ya saa tisa walikuta saa nzima imepita.

Ukirekodi kwenye king'amuzi, usiache muda wa kuisha uliowekwa na ratiba. Ongeza saa nzima. 2025 huko Marekani Hulu, huduma ya kutazama kwa intaneti, iliirusha moja kwa moja kwa mara ya kwanza, na kwa baadhi ya watazamaji ikakatika kabla ya mwigizaji bora wa kike na filamu bora. Walitazama zaidi ya saa tatu wakakosa majina mawili waliyoyasubiri.

Kuanzia 2029 itahamia YouTube, bure dunia nzima, mkataba hadi 2033. Kwa bando, picha ya wastani inayotumia megabiti 2 kwa sekunde itakula takriban GB 3.6 kwa saa nne. Ukishusha hadi megabiti 1, GB 1.8. Ukitaka kupunguza zaidi, usiitazame mubashara: subiri asubuhi, uruke tumbuizo, na uangalie shukrani za mafundi peke yake.

---

Bi Mkasi

Na uanze na uhariri.